Mshono wa Mkono Mwingine

Mke wangu alikuwa akipiga simu Jumapili, baada ya misa ya pili. Ndiyo siku waliyopumzika kule kambini, na ilimbidi apande mlima uliokuwa nyuma ya mahema ndipo apate mtandao. Mimi nilikuwa nikimngojea barazani, binti yetu magotini, simu imejaa chaji. Dada yangu mkubwa, aliyehamia kwetu kumlea mtoto tangu mke wangu aanze kazi ile ya kutafuta madini msituni, hakukosa kuketi karibu akichambua mboga ya lenga-lenga, masikio yamemsimama.

Jumapili moja nilimwuliza mke wangu kazi inaendeleaje.

"Muzuri sana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia huku anacheka. "Tuko na fundi mupya wa mashine. Anajua kazi kabisa. Karoti yake inatoka nzima, haivunjike hata kidogo. Ungeiona, ungefurahi."

"Karoti gani?"

Akacheka zaidi. Akaanza kueleza, upepo wa mlimani ukaingia ndani ya simu, kisha mtandao ukakatika. Dada yangu akaweka kisu chini.

"Karoti?" akauliza. "Ya nani?"

Wiki nzima nilishona huku neno lile likinizunguka kichwani. Jumapili iliyofuata ndipo nilipoelezwa kwamba karoti ni kipande kirefu cha mwamba, mviringo kama mpini wa jembe, ambacho mashine hukitoa ardhini ili wataalamu wasome kilichomo chini bila kuchimba shimo kubwa. Fundi mbaya hukitoa kimevunjikavunjika. Fundi mzuri hukitoa kizima. Nilimshukuru kwa maelezo, nikamcheka dada yangu. Lakini moyoni sikupona, maana kilichoniuma zaidi ilikuwa sauti. Nilikuwa na miaka sijasikia mke wangu akisema jambo langu lolote kwa sauti ile.

Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko Kadutu, hapa Bukavu, juu ya soko, na watu wengi waliofunga ndoa katika parokia zetu wamesimama mbele ya padri wakiwa wamevaa kazi ya mikono yangu. Mke wangu nilimpata kibandani humo humo. Alikuwa mwanafunzi wa jiolojia, akaja na suruali iliyotatuka mifuko yote.

"Papa, nataka mifuko yenye inaweza kubeba mawe," akaniambia.

Sikuwahi kusikia mwanamke akiomba kitu cha namna hiyo. Nilimshonea mifuko sita, kila mmoja mara mbili, nikaongeza kitambaa kigumu ndani. Akarudi baada ya wiki kuniambia kwamba imevumilia. Akarudi tena bila sababu. Tulipooana, rafiki zake wa masomo waliniimbia kwamba nimemwoa mke mwenye mifuko mizito, na mimi nilicheka kuliko wote.

Alipomaliza masomo alikaa muda mrefu bila kazi ya fani yake, akifundisha jiografia katika shule ya sekondari. Kisha kampuni moja ikapata kibali cha kutafiti eneo la msitu mbali sana, huko unakokwenda ukishaiacha Kamituga na dhahabu yake. Walikuwa wakitafuta shaba, zinki na risasi katika milima, na almasi katika changarawe za mito. Walimchukua mke wangu. Mimi ndiye niliyetangaza habari hiyo soko zima. Kila mteja aliyesimama nimpime kiuno aliambiwa kwamba mke wangu anatafuta almasi. Angekaa kule majuma kadhaa, kisha arudi kupumzika, kisha aende tena. Niliona ni jambo dogo.

Aliporudi mapumziko yake ya tatu, baada ya habari ya karoti, nilizichukua nguo zake nizitazame kama nilivyozoea, maana kule msituni nguo hazidumu. Nikaifungua suruali yake ya kazi, ile niliyomshonea mwenyewe. Chini ya mfuko wa nyuma, mahali ambapo mtu hukalia, palikuwa pamepasuka na kushonwa.

Haukuwa mkono wangu. Mshonaji anaujua mkono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Uzi ulikuwa mweusi, mnene, wa nailoni, ule wa kushonea maturubai. Mshono ulikuwa wa sindano ya mkono, wa kurudi nyuma, midomo ya kitambaa imekunjwa ndani, kila hatua sawa na nyingine. Haukuwa mshono wa mtu anayejaribu. Laiti ungekuwa mbaya, ningecheka na kusahau.

"Ni nani alishona hapa?" nikauliza.

Mke wangu alikuwa akimsugua mtoto miguu kwenye beseni. "Fundi wa mashine. Nilikwama kwa muti, suruali ikapasuka."

"Ukiwa umeivaa?"

Akanyanyua uso akanitazama, povu mikononi. "Nilikuwa nimevaa ingine, bwana yangu."

"Na weye haukuweza kuishona?"

"Miye? Toka lini najua kushona?"

Hilo lilikuwa kweli. Hata kifungo hawezi kukirudisha. Tangu tuoane alinikabidhi nguo zake zote, na mimi nilikuwa nimelichukua jambo hilo kama pete ya pili. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba popote aendapo, kitu kinachomgusa mwili kimepita kwanza mikononi mwangu.

Kesho yake niliipeleka suruali kibandani. Nikachukua wembe, nikaufumua mshono ule. Haukutoka kwa urahisi, ule uzi ulikuwa umekazwa vizuri na nilizikata nyuzi moja moja kama mtu anayetoa miba. Kisha nikapashona upya kwa mashine, kwa uzi wangu wa kahawia. Nikairudisha na kuikunja kama ilivyokuwa.

Aliiona alipokuwa akifunga mzigo wa kurudi kambini. Alipitisha kidole pale.

"Umefumua."

"Nimeishona vizuri."

"Ilikuwa vizuri."

Alimbusu mtoto, akampa dada yangu mkono, na mimi akaniambia tubaki salama, kwa wingi, kama vile anaiaga nyumba. Nilikaa na wingi huo majuma mawili. Jumapili zile alizungumza na mtoto zaidi kuliko na mimi, na mimi nikawa nachunguza kila neno. Aliwahi kunieleza kwamba almasi haitafutwi yenyewe kwanza. Wanawake walioajiriwa na kampuni huosha changarawe ya mto katika vyungio, na wanachotafuta ni vijiwe vyekundu vidogo, maana vikionekana hivyo, huenda almasi nayo haiko mbali. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, naosha maneno yake natafuta chembe nyekundu. Akisema "tulikula samaki", nauliza moyoni, nani na nani?

Kampuni ilikuwa imenipa kazi ya kushona mifuko ya kitambaa cha marekani ya kutilia vipande vya mawe na udongo, yenye kamba ya kukazia mdomo. Mke wangu ndiye aliyewaambia kwamba hakuna wa kunishinda. Siku zote nilikuwa nikiipeleka ofisini kwao, gari lao likaipandisha. Safari hii niliwaambia nitaipeleka mwenyewe.

Dada yangu alinifungia chakula cha njiani. Alikuwa na furaha kama anayekwenda harusini. "Nenda, mudogo yangu," akasema. "Na ukifika, usipige hodi. Mutu hapige hodi kwa bibi yake."

Barabara ya kwenda Kamituga kila mtu anaijua, sitaieleza. Kutoka pale nilipanda pikipiki mpaka mahali pikipiki zinapokoma, halafu nikatembea na vijana wa kubeba mizigo ya kampuni. Mvua ilitukuta njiani na haikutuacha. Nilifika kambini nimelowa mpaka mifupani, mzigo wa mifuko kichwani, na mpango wa kutopiga hodi ukanishinda, maana hapakuwa na mlango. Palikuwa na maturubai ya buluu yaliyowambwa juu ya miti, jiko la moshi, na safu za masanduku marefu ya mbao.

Mtu wa kwanza kuniona alitoka mbio chini ya turubai akanipokea mzigo.

"Ni weye mushonaji?" akauliza. "Karibu, mukubwa! Madame anatuambia habari yako kila siku."

Ndiye aliyekuwa fundi wa mashine. Njia nzima nilikuwa nimemuumba kichwani. Nilimpa jino la dhahabu, nikampa macho yasiyotulia na harufu ya pombe. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mrefu, wa umri wangu au chini kidogo, ana sauti tulivu ya watu wa Katanga, na katikati ya tope lile lote kucha zake zilikuwa safi. Aliniketisha karibu na moto. Akaniletea uji wa moto, halafu shati lake kavu. Nilipolivaa lilinikaa mabegani kana kwamba nilipimwa. Hilo nalo lilinichoma.

Mke wangu alikuwa mtoni na wanawake wa kuosha changarawe. Alipopanda na kuniona nimevaa shati lile, alisimama.

"Mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana. Mutoto muzima. Nimeleta mifuko."

"Mifuko." Akanitazama kuanzia miguuni. "Umekuja mpaka huku juu ya mifuko."

Mbele za watu hatukusema zaidi. Wafanyakazi walikuja kunisalimu mmoja mmoja, wakaniita bwana ya chef, yaani mume wa mkuu wao. Nyumbani Bukavu yeye ndiye anayeitwa mke wa mshonaji.

Kesho yake nilikwenda kuwatazama wakifanya kazi. Mashine ilikuwa imesimamishwa mgongoni mwa kilima, inanguruma, maji ya kijivu yanatiririka. Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya bomba linalozunguka, kama mtu anayemshika mgonjwa kusikiliza homa. Ghafla akainua mkono, mashine ikazimwa. Wakavuta bomba, wakaligonga polepole, na karoti ikateleza ikatoka, ndefu, kijivu, nzima.

Mke wangu alikuwa amekwisha kupiga magoti. Aliosha kipande kwa maji, akakigeuza juani, kisha akatoa ulimi akakilamba. Nilishtuka. Nilikuja kujua kwamba wenye fani yake hufanya hivyo, jiwe likiloa linaonyesha rangi zake vizuri. Akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akatazama, halafu bila kusema neno akampa fundi kioo na jiwe. Fundi naye akatazama. Wakacheka pamoja, wakati ule ule, bila yeyote kumwambia mwenzake kinachochekesha.

Mimi nilisimama hatua chache kutoka pale, mikono imening'inia. Nilimwona mke wangu uso alioonyesha zamani kibandani, nilipomgeuzia koti ndani nje nikamwonyesha kazi ambayo mvaaji haioni. Nilidhani uso ule ulikuwa wangu.

"Njoo uone!" akaniita.

Nikatazama ndani ya kioo. Niliona vipande vinavyometameta kama fedha na ukungu wa kijivu. Alinieleza: hii inayong'aa ni risasi, hii ya hudhurungi pembeni ni zinki, zinapenda kukaa pamoja.

"Ni nzuri," nikasema.

Alikitoa kioo mkononi mwangu taratibu. Alijua sikuona kitu.

Jioni, kabla jua halijazama, tulishuka mtoni wawili kunawa. Huko ndiko nilikomwuliza, nimeyageukia maji.

"Uko na yeye?"

"Na nani?"

"Mwenye sindano."

"Hapana," akasema. "Siko na yeye, sikuwa na yeye, na sitakuwa. Umesikia? Nimejibu mara moja, usiniulize tena."

"Nimesikia."

"Lakini kama unataka niseme sifurahi huku, hilo sitalisema. Hata ungekuja kila wiki na mzigo kichwani."

Afadhali angekuwa amekasirika tu. Ndipo aliponigeuza kwa bega, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Unajua mara ya mwisho nilifika nyumbani nikakuta nini? Nywele za mutoto wangu zimesukwa. Mistari myembamba, muzuri kabisa, kuliko miye naweza. Dada yako ndiye alisuka. Na mutoto akaniambia, 'Maman, usizishike, utaziharibu.' Nilisikia kama nimepigwa kofi. Nilikuwa na hamu ya kuzifungua zote hapo hapo barazani." Akapangusa uso kwa mkono wenye maji. "Nilizifungua?"

"Hapana."

"Basi weye, juu ya nini ulifumua ule mushono?"

Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba na yeye alikuwa na wivu. Nilidhani wivu ni mali ya anayebaki. Tulikaa kwenye jiwe kubwa, miguu majini, mpaka mmoja wa wanawake akaja kutuita chakula. Sikumwomba msamaha kwa maneno, si kawaida yetu. Nilimwosha zile buti zake.

Nilikaa siku nyingine mbili kungoja msafara wa kushuka. Upepo ulikuwa umepasua turubai la masanduku ya karoti, na fundi akaniuliza kama ningependa kumsaidia. Tulikaa chini, yeye ncha ile, mimi ncha hii, tukashona kuelekeana. Nilichungulia mkono wake: ulikuwa mzuri kweli, mzuri kwa mtu asiyeishi kwa sindano.

"Nani alikufundisha?" nikauliza.

"Njaa," akasema. "Zamani nilishona viatu barabarani Likasi, mbele ya kujua kazi ya mashine." Kisha, bila kuinua macho, akaongeza, "Mukubwa, ile suruali, ungenituma neno tu. Nisingeigusa tena."

Kumbe alijua. Mke wangu alikuwa amemwambia, au aliona mwenyewe uzi wa kahawia. Sijui hata leo ni lipi kati ya hayo mawili ningelichagua. Nilimwambia, "Endelea kushona." Tukakutana katikati ya turubai, nikafunga fundo mimi.

Niliporudi Bukavu, dada yangu alitaka kusimuliwa kila kitu. Nilimwambia jambo moja tu: asimsuke mtoto tena mpaka mama yake arudi.

"Mutoto ataenda misa kama kichaa?"

"Ataenda hivyo, yaya," nikamjibu kwa jina la heshima la dada mkubwa.

Alikwenda hivyo, kichwa kama kichaka, dada yangu akitembea nyuma yetu kama asiyetujua. Mke wangu alipofika likizo, mtoto alikaa katikati ya magoti yake mchana mzima. Mistari ilitoka imepinda, mmoja mnene, mwingine mwembamba, wa nyuma ulipotea njiani. Mtoto alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akaenda nayo shuleni juma zima na hakuruhusu mtu kuigusa.

Kazi ya kule haikudumu. Majibu ya maabara yalionyesha kwamba risasi na zinki zipo lakini ni kidogo, hazitoshi kulipia hata barabara, na vijiwe vyekundu vya mtoni havikuwapeleka kwenye almasi yoyote. Barabara nazo zikawa mbaya kwa sababu nyingine, watu wenye silaha. Kampuni ikaacha kibali. Mke wangu alirudi na mkoba mmoja, akalala siku mbili, akaamka akawa anatazama ziwa kana kwamba amefiwa. Nilikuwa nimeomba Mungu arudi, na sasa niliuonea wivu msitu kwa namna alivyoulilia.

Fundi alikwenda kufanya kazi upande wa Kolwezi, kwao Katanga. Sikukuu hupiga simu, na hunisalimu mimi kwanza, ana adabu hiyo. Mwaka ule alisema kuna nafasi ya mtu wa jiolojia mahali alipo.

"Unataka kwenda?" nikamwuliza mke wangu.

"Nataka," akasema, palepale.

Tulibishana siku nyingi, kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtoto. Nilisema mahali nitakaposhona huko hapajulikani. Alisema watu huvaa nguo kila mahali. Alikuwa karibu kunishinda, nami nilikwisha kuanza kuuliza bei ya kusafirisha mashine yangu, vita vilipoteremka mpaka mjini kwetu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, ndege hakuna, kila mtu akajifungia ndani akisikiliza. Njia zilipofunguka kidogo, nafasi ile ilikuwa imepata mtu mwingine. Nilimwambia pole. Alinishukuru. Sikuwa na pole yoyote, na nadhani alijua, kama alivyojua siku ile ya kioo cha kukuzia.

Siku hizi anafundisha katika taasisi moja hapa mjini. Hali ikiruhusu, Jumamosi huwachukua wanafunzi wake barabara ya kwenda Katana, kaskazini mwa mji, wakasome miamba iliyokatwa kando ya njia. Jioni huja nao nyumbani, wanatandaza mawe yao barazani kwangu na vumbi lao lote. Jumamosi iliyopita walikuwa wanne, wanabishana juu ya jiwe jeusi lenye matundu, na sauti ya mke wangu ilikuwa imepanda ile sauti ya Jumapili za mlimani. Niliisikia nikiwa ndani, napasha moto pasi.

Nikaiweka pasi pembeni. Nikabeba kiti changu, nikakipenyeza kati yake na kijana mmoja aliyekuwa akimsikiliza kwa mdomo wazi.

"Hilo jiwe linaitwaje?" nikauliza.

Mke wangu alinitazama, akatabasamu kidogo upande mmoja, akaanza kueleza upya toka mwanzo: jinsi lilivyokuwa moto, jinsi hewa ilivyotoka likaacha matundu. Sikuelewa yote. Nilibaki pale mpaka yule kijana wa mwisho alipoaga.